Chakula cha Kumpunguza Uzito Paka wa Ndani: Namba Ambayo Mfuko Hauitaji

Mwezi wa Januari nilinunua katika duka moja hapa Mtwara mjini mfuko wa chakula kikavu cha paka, wenye picha ya paka mwembamba na maneno yanayodai kwamba chakula hicho ni chepesi. Sultani, dume langu lililohasiwa mapema na lisilotoka nje ya ua, alikuwa na kilo 6.4, ilhali daktari wa mifugo alikuwa ameshaniambia kwamba umbo lake linastahili kilo 5. Muuzaji alinihakikishia akisema, "Dada, hiki ndicho cha kupunguza mwili, wateja wangu hawachukui kingine." Nilimwamini. Ilipofika Aprili, Sultani alikuwa na kilo 6.9, na nilipompitishia vidole ubavuni sikuweza tena kuzigusa mbavu zake.

Siku hiyo niliketi jikoni na mfuko ule mapajani. Kibandiko cha bei kilikuwa kimebandikwa juu ya jedwali la virutubisho, nami nikakibandua kwa ukucha, kipande baada ya kipande, mpaka zikajitokeza namba tano: protini asilimia 30, mafuta 10, nyuzinyuzi 3, majivu (yaani madini) 8 na unyevu 10. Namba niliyokuwa nikiitafuta, yaani kiasi cha nishati (kilokalori) katika kila gramu 100, haikuwemo. Neno "chepesi" lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa upande wa mbele, lakini hapakuwa na mahali popote palipoeleza wepesi huo ni wa kilokalori ngapi.

Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, na ndilo ninalotaka tuanze nalo kabla ya ladha, umbo la punje au uzuri wa mfuko. Nchini Marekani mifuko ya chakula cha paka hutakiwa kuonyesha kilokalori, lakini mingi inayotufikia huku kusini mwa Tanzania haionyeshi, na wanga nao hautajwi kabisa. Hata hivyo, hesabu yake inawezekana. Jumlisha zile namba tano, kisha utoe jumla hiyo katika 100, na kinachobaki ndicho wanga. Kwa mfuko wangu jumla ilikuwa 61, kwa hiyo wanga ulikuwa 39. Zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, kisha ujumlishe. Nilipata takriban kilokalori 326 kwa gramu 100, kiasi ambacho hakitofautiani sana na cha vyakula vikavu vya kawaida.

Kisha nikapima kile kikombe cha chai nilichokuwa nikimwekea Sultani asubuhi na jioni, na mizani ikaonyesha gramu 55. Kwa siku alikuwa akila gramu 110, yaani karibu kilokalori 360, wakati paka anayetakiwa kufikia kilo 5 huanzishiwa takriban kilokalori 190 kwa siku, huku daktari akirekebisha kadiri uzito unavyokwenda. Nilikuwa nikimpa karibu mara mbili ya mahitaji yake, na mfuko haukuwa umenipa njia yoyote ya kulijua hilo.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Royal Canin Satiety, na sioni haya kusema kwamba naipendelea kuliko nyingine zote. Kampuni hii ilianzishwa Ufaransa mwaka 1968 na daktari wa mifugo, Jean Cathary, na chakula hiki kimetengenezwa mahsusi kwa ajili ya paka wanaopunguzwa uzito. Protini yake ni takriban theluthi ya uzito wote, mafuta hayafiki asilimia 10, na nyuzinyuzi ni nyingi kupita vyakula vya kawaida, kwa hiyo paka hushiba kwa kilokalori chache bila kupoteza misuli. Zaidi ya hayo, maelekezo yake hutaja gramu kulingana na uzito unaolengwa, si uzito alionao paka sasa, na tofauti hiyo ndiyo iliyomwokoa Sultani. Ni chakula cha tiba, hivyo kinunuliwe kwa ushauri wa daktari, hasa kwa paka mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Hill's Metabolic ni ya daraja hilohilo, na asiyeipata Satiety asisite kuichukua.

Nafasi ya pili ni chakula cha majimaji cha vipakiti vya gramu 85. Maji ndani yake huwa karibu asilimia 80, kwa hiyo pakiti moja mara nyingi haizidi kilokalori 60 hadi 80, na paka huona bakuli limejaa. Hakikisha imeandikwa kwamba ni chakula kamili, kwa sababu baadhi ya vipakiti ni kitoweo tu. Katika joto letu la pwani, kilichobaki kwenye bakuli kiondolewe mapema.

Samaki wa kuchemsha nyumbani anakuja nyuma sana, ingawa wengi wetu tunaoishi karibu na bahari ndiye tunayemkimbilia. Samaki pekee hakamilishi mahitaji ya paka, baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na dagaa wa kukaushwa mara nyingi huwa na chumvi nyingi. Kama kitoweo kidogo kisicho na nazi, kitunguu wala kitunguu saumu anafaa, mradi kilokalori zake zihesabiwe ndani ya zile 190. Punje za bei rahisi zinazopimwa kutoka kwenye gunia lililofunguliwa sizipendekezi hata kidogo, kwa kuwa hazina jedwali lolote la kuhesabia.

Lazima niseme na hili la bei. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ikakatika Somanga, mkoani Lindi, sote tulielewa kwa nini mzigo kutoka Dar es Salaam ulichelewa na bei zikapanda. Barabara ilipopitika tena, bei ya chakula ninachonunua haikushuka hata shilingi, na sababu ileile ya barabara inaendelea kutolewa kwa mteja anayeuliza. Linaloniuma zaidi ni kwamba mteja anatozwa gharama za safari ya zaidi ya kilomita 550, halafu kibandiko cha bei hiyohiyo kinawekwa juu ya jedwali ambalo lingemsaidia kujua anachonunua.

Ukishapata chakula, usimbadilishie paka kwa siku moja, bali changanya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, na usimfungishe kamwe. Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta hujikusanya kwenye ini na anaweza kufa. Akigoma kula siku nzima, mpeleke kwa daktari. Kupungua asilimia 1 ya uzito kwa wiki kunatosha. Sultani namtia kwenye kapu la ukindu kila Jumamosi, nalitundika kapu kwenye mizani ya kuning'iniza ya jirani yangu muuza samaki, na kutoka kilo 6.9 amefika 6.1 bila kudhoofika.

Anayeagiza kwa basi kutoka Dar es Salaam amwombe muuzaji picha ya nyuma ya mfuko, jedwali likiwa wazi na tarehe ya mwisho wa matumizi ikisomeka, kabla ya kutuma pesa. Muuzaji wangu wa sasa alishangaa nilipomwomba mara ya kwanza, lakini siku hizi huituma kabla sijauliza.