Mausi ya kununua kama unapiga gitaa na mkono wa kulia unauma

Piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia gitaa, ilinidondoka katikati ya sebene, Jumapili, ibada ya pili, kanisa zima limesimama. Mkono haukuwa na jasho. Gumba tu lilikataa kubana. Nilimalizia wimbo kwa ukucha wa kidole cha shahada, na niliporudi kukaa nilishajua kosa si la gitaa. Kosa lilikuwa mezani kwangu ofisini: mausi niliyoinunua Kariakoo kwa Sh 45,000 ili inipunguzie maumivu ya mkono.

Mimi ni mhasibu. Kutwa niko kwenye Excel, na jioni mbili kwa wiki niko mazoezini na gitaa la ridhim. Kifundo cha mkono wa kulia kilipoanza kuwaka moto, kila mtu aliniambia ninunue mausi ya kusimama, ile unayoishika kama unampa mtu mkono. Ushauri huo siupingi. Ukilaza kiganja kifudifudi, mifupa miwili ya kigasha inapishana, na ukikisimamisha inalala sambamba, misuli inalegea. Kifundo changu kilipoa kweli ndani ya wiki mbili. Kisha maumivu yakahamia kwenye shina la gumba.

Sababu niliiona asubuhi moja kabla mfagizi hajapita. Juu ya vumbi la meza, miguu ya mausi ilikuwa imechora vistari vifupi vifupi, vyote kwenda kushoto, kama urefu wa punje ya mchele. Vilikuwa alama za kubofya. Mausi ya kawaida unaibofya kwenda chini, na meza inaipokea nguvu yako. Ya kusimama unaibofya kwa ubavu. Ikiwa nyepesi, au kitufe chake kigumu, kila ukibofya inateleza, na kinachoizuia isiteleze ni gumba lako. Bofya, gumba linabana. Bofya, gumba linabana. Fanya hivyo kutwa nzima, halafu jioni chukua piki uibane kwa gumba hilo hilo na shahada ile ile. Hata anayepiga bila piki, kwa vidole viwili kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, analitegemea gumba hilo hilo kubeba besi.

Kwa hiyo mambo ya rangi, taa, na idadi ya vitufe mtayasoma kwingine. Mimi napima kitu kimoja. Weka mausi kwenye meza tupu, shika kama kawaida, kisha inua gumba liwe hewani kabisa. Bofya mara kumi kwa shahada peke yake. Ikibaki pale pale, inunue. Ikitembea, irudishe kwenye boksi lake.

Ya kwanza kwangu ni Logitech Lift, na sioni aibu kusema naipendelea. Ilitoka 2022, imeinama kwa pembe ya nyuzi 57, ina gramu 125, na vitufe vyake ni laini, havina hata mlio. Ubavuni ina mpira unaoshika ngozi, kwa hiyo gumba linaegemea bila kubana. Imetengenezwa kwa mikono midogo na ya wastani, jambo ambalo wanawake tunasahauliwa sana kwenye vifaa hivi. Pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi mkunjo wa kifundo. Ukipata chini ya sentimita 19, hii ndiyo yako. Inatumia betri moja ndogo ya AA, na tangu niianze sijabadilisha. Nilipoijaribu na gumba hewani, mara kumi zote ilitulia.

Ya pili ni ndugu yake mkubwa, MX Vertical ya 2018. Nyuzi ni zile zile 57, gramu 135, unaichaji kwa waya. Kaka anayetupigia besi ana viganja kama majembe, na yeye Lift ilimpotelea mkononi, hii ikamtosha. Mwenye mkono mdogo asiiguse, maana atalazimika kunyoosha vidole kufikia vitufe na kifundo kitaanza upya.

Ya tatu ni Kensington Orbit, ile yenye mpira mkubwa katikati. Chombo kinakaa pale pale, unaviringisha mpira kwa vidole ili mshale utembee, na vitufe unavibofya kwenda chini. Mwanzoni nilikuwa nakosea seli kila mara, ikanichukua siku kama tano kuizoea. Uzuri wake mwingine ni kwamba haichagui kulia wala kushoto.

Na hapa naisema Logitech hiyo hiyo ninayoipenda: MX Ergo na Ergo M575 zina mpira unaosukumwa na gumba. Kwa mhasibu asiyepiga gitaa, sawa. Kwa mpiga gitaa mwenye gumba linalouma, hapana kabisa.

Za Sh 20,000 hadi 50,000 zisizo na jina: nimejaribu nne, zote zimeteleza. Ukiwa huna budi, iweke juu ya kitambaa kizito na uwashe ClickLock kwenye Windows, ili ukiburuta usibaki umebana kitufe muda wote.

Ule mto wa jeli wa kuegemeza mkono siuhesabu. Ukiuegemea wakati unachapa, unakandamiza pale pale mshipa wa fahamu unapopita kuelekea kiganjani. Kifundo kinapaswa kuelea, kiegemee ukipumzika tu. Na ukiamka usiku gumba, shahada na kidole cha kati vimekufa ganzi, hilo si la mausi tena, nenda hospitali. Mimi nilipewa bandeji yenye kibati ndani ya kuvaa usiku, ili kifundo kilale kimenyooka. Wakati wa kupiga gitaa naivua.

Sasa bei. Lift ilipotoka Marekani iliuzwa dola 69.99. Hapa Dar duka la kwanza liliniambia Sh 340,000. La pili, hatua chache mbele, boksi lile lile, Sh 260,000. La tatu muuzaji aliniangalia kwanza, akaangalia na kitambulisho cha kazi shingoni, ndipo akataja bei. Nilipoomba nifungue nijaribu, nikajibiwa, "Dada, ukifungua umenunua." Kwenye risiti wamepiga muhuri kabisa: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Yaani kitu cha kukaa kiganjani mwangu saa nane kwa siku nikichague kwa kutazama picha ya boksi! Kiatu tu tunavaa vyote viwili na kutembea nacho dukani mpaka mlangoni. Kuna duka nilioneshwa "Logitech" yenye nembo iliyobandikwa kwa stika, na pembe ya stika ilikuwa imeshaanza kubanduka.

Kinachoniuma zaidi ni wa mkono wa kushoto. Lift ya kushoto ipo, kampuni inaitengeneza. Nimeiulizia maduka sita kwa ajili ya msomaji mmoja aliyeniandikia kutoka Mwanza, fundi wa michoro na mpiga solo. Jibu ni moja kote, kwamba haitoki, yaani haina wanunuzi. Haitoki vipi wakati haijawahi kuwekwa kabatini? Wauzaji wawili hawakuwa wanajua hata kama ipo.

Ya kwangu mwishowe niliagiza kwa binamu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Sasa ana safari nyingine, na nimeshampa picha ya ile ya kushoto.