Kipitisha hewa cha mvinyo: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Desemba, watu wanapopanda Moshi kwenda kuhesabiwa, maduka ya huku kwetu hujaza rafu za mvinyo. Siku hizi pembeni ya chupa utakuta na kimrija cha plastiki kwenye boksi la kung'aa, kinachochomekwa mdomoni mwa chupa ili mvinyo uchanganyike na hewa unapomiminwa. Boksi linaahidi kwamba mvinyo wa bei ya kawaida ukipita humo utakuwa na ladha ya mvinyo wa gharama. Watu wanakinunua kama zawadi, na wengi wananiuliza kama kina kazi yoyote. Kazi kinayo, lakini ndogo, na kwa nyumba nyingi za Arusha na Moshi kuna vitu viwili vya kununua kabla yake.

Tuanze na hewa yenyewe. Mvinyo ukikutana na hewa, kwanza harufu mbaya zilizofungiwa ndani ya chupa huanza kupeperuka. Mvinyo mchanga, hasa wa kifuniko cha kuzungusha, mara nyingine ukifunguliwa hutoa harufu ya kiberiti au ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi na jamaa zake, na dakika chache za hewa huipunguza sana. Wakati huohuo harufu za matunda hupanda na pua inazipata vizuri zaidi.

Tanini ni habari nyingine. Tanini ndiyo inayoleta ule ukakasi unaokaza ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Wauzaji husema kifaa kitaulainisha palepale. Si kweli. Oksijeni huibadilisha tanini polepole mno, na mvinyo hukaa miaka kwenye chupa ili ukakasi utulie. Sekunde mbili ndani ya mrija hazitoshi. Unachokisikia pale ni harufu iliyofunguka, na harufu ikiwa nzuri, ulimi nao hupokea vizuri.

Émile Peynaud, Mfaransa aliyefundisha utengenezaji wa mvinyo Bordeaux na kufariki mwaka 2004, alikuwa mkali zaidi yangu. Kwake yeye, kumimina mvinyo kwenye dikanta, chombo cha kioo cha kuhamishia mvinyo kabla ya kunywa, ilikuwa kazi ya kutenga mashapo, na ifanywe karibu na wakati wa kunywa, kwa kuwa hewa nyingi huondoa harufu nzuri pamoja na mbaya. Kwa mvinyo wa zamani nakubaliana naye kabisa. Kwa mvinyo mchanga na mkavu, yaani usio mtamu, ninaoukuta kwenye maduka yetu, naona hewa kidogo inasaidia.

Kwa hiyo jiulize kwanza unakunywa nini. Nyekundu za Afrika Kusini kama Cabernet Sauvignon, Shiraz na Pinotage zikiwa changa hufaidika. Mwekundu mkavu wa Dodoma pia, maana kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mvinyo mwingi hunywewa ukiwa bado mchanga. Kama nyumbani kwenu mnapenda mvinyo mtamu, Dompo, mweupe au wenye mapovu, usitoe hata shilingi kwa ajili ya kifaa cha hewa. Wa mapovu utauharibu kabisa.

Namba moja katika mpangilio wangu ni glasi. Glasi ya mvinyo yenye tumbo pana na mdomo unaobana kidogo, ya mililita 350 hadi 450, ndiyo kipitisha hewa bora kuliko vyote. Mimina theluthi tu, izungushe mezani kwa kushika mguu wake, kisha nusa. Kila mnywaji anapitisha hewa kwa kiasi chake, na anaweza kuacha pale ladha inapomfaa. Maduka ya vyombo yanayozunguka Soko Kuu la Arusha, na ya Mbuyuni kwa walio Moshi, huuza glasi za namna hii. Kagua ukingo kwa kidole: ukisikia mkunjo mnene, iache, tafuta nyembamba. Na ujiepushe na vile viglasi vidogo vya harusini vinavyojazwa hadi juu. Humo hata mvinyo mzuri hauna pa kuzunguka.

Namba mbili ni jagi la kioo lenye mdomo mpana, lililo safi, lisilo na harufu ya juisi ya jana. Mimina chupa nzima ya mililita 750 kutoka juu kidogo, ianguke na kupiga mapovu, iache dakika 20 hadi 30. Kufungua tu chupa na kuiacha imesimama mezani, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii kitu: sehemu inayogusa hewa pale shingoni haizidi upana wa sarafu. Dikanta ya kioo yenye tumbo la bata hufanya kazi ileile ya jagi, inapendeza mezani, na inasumbua sana kuiosha. Ukiipenda kwa uzuri wake, nunua. Kwa ladha, jagi linatosha.

Namba tatu ndiyo kile kimrija. Kinamfaa mtu mwenye wageni wengi na mwenye haraka: ndafu imeshakatwa, chupa zinafunguliwa mfululizo, hakuna wa kusubiri nusu saa. Namna kinavyofanya kazi inaeleweka. Mvinyo ukipita kwenye njia nyembamba huongeza mwendo, mgandamizo wake unashuka, na hewa inavutwa ndani kupitia kitundu cha ubavuni. Kanuni hiyo ina jina la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliyeishi karne ya 18 na ya 19.

Kwa kuwa kazi yote inategemea kitundu hicho, kijaribu kabla hujalipa. Mwombe mwenye duka chupa ya maji, kichomeke, mimina kwenye glasi. Unapaswa kusikia mlio wa kukoroma na kuona vipovu vidogo vikitoka pamoja na maji. Kisha ziba kitundu kwa kidole: mlio unakatika na maji yanatoka laini. Ukiona hakuna tofauti kati ya kuziba na kuachia, hilo ni pambo. Angalia pia mpira wa kuchomekea. Ukiunusa ukakuta unanuka kama ndala mpya, harufu hiyo itaingia kwenye mvinyo. Na kisichofunguka kikasafishwa ndani usikichukue, kwa sababu mabaki hugeuka siki na chupa ya wiki ijayo itaipata siki hiyo.

Nje ya nchi vimrija vya kawaida huuzwa dola 10 hadi 20. Ukiagiza mtandaoni, piga hesabu ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahi.

Namba nne ni vile vya betri vinavyosukuma mvinyo kwa kubonyeza kitufe. Kazi ni ileile ya kimrija, bei ni mara kadhaa, na pampu ikifa hakuna fundi wa kuigusa. Sioni sababu ya kukinunua.

Blenda pia ina watetezi. Nathan Myhrvold, aliyewahi kuwa mkuu wa teknolojia wa Microsoft, alipendekeza kuusaga mvinyo mchanga kwa sekunde 30 hadi 60. Hewa inaingia kweli, tena kwa nguvu. Mimi nisingeufanyia hivyo mvinyo nilioununua kwa fedha nzuri, na blenda nyingi za nyumbani zina harufu ya kitunguu saumu isiyotoka.

Kuna makosa ambayo hewa haiyaondoi. Mvinyo unaonuka kadibodi iliyolowa umeharibiwa na kizibo, rudisha dukani. Uliopikwa na jua kwenye rafu ya dirishani hauponi. Wanaosema kipitisha hewa huzuia kichwa kuuma nao wanauza maneno: pombe ni ileile.

Joto nalo tunalisahau. Mwekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Moshi mwezi wa Februari inaweza kuwa nyuzi 30, na mvinyo wa joto hilo hutanguliza ukali wa pombe puani. Iweke chupa kwenye friji saa moja hivi au zaidi kabla ya kuifungua. Arusha mwezi wa Julai huenda usihitaji friji kabisa.

Kama bado unakitaka kimrija, azima kwa rafiki ufanye jaribio la glasi tatu. Mvinyo mmoja, glasi za aina moja: mbili zimiminwe kawaida na moja kwa kimrija, au kinyume chake. Anayemimina asikuonyeshe. Itafute iliyo tofauti, mrudie mara kadhaa, maana kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu. Ukishindwa kuitambua, fedha hiyo iongeze kwenye chupa.

Mvinyo ukibaki, usiuache ndani ya jagi hadi kesho. Mimina kwenye chupa ndogo iliyooshwa vizuri, ijae mpaka shingoni, funga, weka kwenye friji. Mwekundu utanyweka kwa siku tatu au nne.