Bomba la kujazia mafuta ya giaboksi na difu: lipi ununue kwanza

Tundu la kujazia mafuta kwenye difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) liko ubavuni, limebanwa na bodi ya gari, ekseli au tangi la mafuta. Chupa ya lita moja haiingii hapo ikiwa wima, na ukiilaza, nusu ya mafuta inaishia sakafuni. Wengi wanaoweza kabisa kufanya kazi hii nyumbani huiacha kwa sababu hiyo tu, na difu hukaa miaka bila kufunguliwa. Kinachokosekana ni kifaa cha kupandisha mafuta, na vifaa hivyo havilingani hata kidogo.

Kipimo changu katika kuvipanga ni kimoja. Giaboksi na difu haziunguzi mafuta kama injini inavyoweza kufanya. Mafuta yakipungua, yamevuja. Kwa hiyo kifaa bora ni kile kinachokuonyesha ni kiasi gani kilikosekana na mafuta yaliyobaki yana hali gani, zaidi ya kule kuyaingiza tu.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari uone lina nini. Gari lilale sawa mbele na nyuma, likae juu ya stendi imara na si jeki peke yake, na tairi zilizobaki chini ziwekewe kingo. Giaboksi ya gia za mkono na difu karibu zote zina plagi (kizibo cha skrubu) ya ubavuni. Giaboksi ya otomatiki inaweza kuwa na kijiti cha kupimia juu, au isiwe nacho kabisa. Hilo ndilo litakaloamua ununue nini.

Ninaloliweka juu ya mengine yote ni bomba la sindano. Ni silinda yenye mpini wa kuvuta na kusukuma, na mpira mwembamba mbele. Yaliyo mengi hubeba karibu nusu lita. Linavuta na kusukuma, na hapo ndipo linapoyashinda mengine. Unaweza kuingiza mpira tunduni, ukavuta mafuta kidogo, ukayamwaga kwenye chombo cheupe na kuyatazama bila kumwaga yote. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia, jambo la kawaida kwa gari lililovuka maji ya kina. Harufu ya kuungua kwenye mafuta ya otomatiki inaelekeza kwenye klachi za ndani. Ukijaza kupita kiasi, unavuta ziada. Na zipo difu ambazo hazina plagi ya kumwagia hata moja. Hizo, bila kufungua kifuniko cha nyuma, huna njia nyingine zaidi ya kunyonya mafuta kupitia tundu la kujazia.

Ukilichagua, tafuta lenye alama za mililita ubavuni. Silinda ya chuma inadumu zaidi, lakini ya plastiki ngumu inayoonyesha ndani inakupa kile tunachokitafuta, yaani kujua umeongeza kiasi gani. Hakikisha mpira wake si mwembamba kupita kiasi, kwa kuwa mafuta ya gia ni mazito na kwenye baridi yanasogea kwa shida. Hakikisha pia mpira unafungwa kwa skrubu au klipu. Ule uliochomekwa tu huchomoka katikati ya kazi, na mafuta ya gia yakikaa kwenye nguo harufu yake haitoki upesi. Kasoro yake ni kwamba utalijaza mara kadhaa: difu ya gari dogo huchukua mara nyingi kati ya nusu lita na lita moja na nusu, giaboksi ya mkono ya gari la kuvuta mbele karibu lita mbili au zaidi. Kwa kuongezea tu, si tatizo.

Linalofuata ni bomba la kufunga kwenye mdomo wa chupa, lile la kubonyeza kama la sabuni. Ni rahisi, ni jepesi, na unaweza kuliweka kwenye buti. Mafuta yanatoka kwenye chupa yake moja kwa moja, hayakutani na vumbi. Lakini hesi zake hazikubali kila chupa, kwa hiyo linganisha na chupa ya mafuta unayonunua kabla ya kulipa. Halinyonyi kutoka kwenye giaboksi. Kiasi kilichoingia utakisoma kwa kutazama chupa, ambayo si mbaya kama ina alama. Kwa mafuta mepesi ya otomatiki linakwenda vizuri. Kwa mafuta mazito, loweka chupa iliyofungwa kwenye maji ya moto kwanza.

Faneli yenye mpira mrefu naiweka ya tatu kwa jumla, ingawa kwa otomatiki yenye kijiti ndiyo ya kwanza bila ubishi. Mafuta huingia kwenye bomba lile lile la kijiti, hivyo unahitaji faneli yenye shingo nyembamba na mkono wa subira. Kwa giaboksi ya mkono inafaa pale tu unapoweza kushusha mpira kutoka upande wa injini hadi kwenye plagi bila kuupinda.

Tangi la shinikizo, lile la lita kadhaa lenye pampu ya mkono na viunganishi vingi, ni zana nzuri kwa mwenye magari kadhaa au otomatiki isiyo na kijiti inayojazwa kutoka chini. Kwa kuongeza robo lita ni mzigo, na mafuta mengi hubaki ndani ya mpira. Pampu ya kuzungushwa na drili siipendekezi kwa mafuta ya gia. Uzito wa mafuta unaielemea, na kasi yake haikupi nafasi ya kuona usawa unapofika.

Sasa mafuta yenyewe. Hapa hakuna la kwanza wala la pili. Kuna lile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Difu nyingi za gia za haipoidi (zenye meno yaliyopinda yanayosuguana kwa nguvu) hutaka mafuta ya daraja la API GL-5, mara nyingi ya uzito wa 75W-90 au 80W-90. Giaboksi nyingi za mkono hutaka GL-4, na kuzipa GL-5 kwa kudhani namba kubwa ni ubora zaidi kunaweza kuharibu sinkro (ringi zinazolinganisha kasi ya gia zinapoingia) za shaba au kufanya gia ziingie kwa ugumu. Zipo zinazotaka GL-5, na zipo za mkono zinazotumia mafuta ya otomatiki au hata ya injini. Difu ya kuzuia mtelezo yenye klachi huhitaji kiongezo maalumu; bila hicho itanguruma ukikata kona.

Kwa otomatiki, kuwa mkali zaidi. Mafuta ya otomatiki ya Toyota WS si sawa na Dexron III, na mafuta ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda au mnyororo badala ya gia za hatua) kama Nissan NS-3 hayabadilishwi kwa ya otomatiki ya kawaida, hata kama chupa inasema yanafaa magari yote. Mkanda au mnyororo wa CVT unategemea msuguano ambao mafuta yake yametengenezwa kuutoa.

Siku ya kazi, jambo la kwanza ni kulegeza plagi ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Ikikwama, angalau mafuta yako bado yamo ndani. Kwenye giaboksi ya mkono na difu, usawa kwa kawaida ni ukingo wa chini wa tundu: ingiza kidole, ukikuta mafuta hapo au milimita chache chini yake, yanatosha. Ukijaza, simama yanapoanza kutiririka nje, kisha acha yaishie kudondoka. Sumaku ya plagi ikiwa na tope laini la kijivu, hayo ni machakavu ya kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Otomatiki yenye kijiti hupimwa ikiwa moto, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha lever kwenye nafasi zote. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita. Isiyo na kijiti hupimwa kwa plagi ya kufurika (mafuta yaliyozidi usawa hutokea hapo), mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda, ambalo kwa nyingi ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Bila kifaa cha kusoma joto hilo, kazi hii mpe fundi.

Pamoja na bomba, nunua washa (ringi za kuziba) mpya za plagi; zile za alumini au shaba hubanwa mara moja tu. Ukiona umeongeza zaidi ya vijiko vichache, futa difu na giaboksi pakavu, endesha siku chache, kisha tazama oili sili (mipira ya kuzuia uvujaji) za ekseli na ya pinioni, yaani shafti inayoingia kwenye difu. Tazama pia kipumulio (tundu dogo la kutolea hewa) kilicho juu ya difu: kikiziba kwa tope, shinikizo la ndani husukuma mafuta kupitia sili ambayo bado ni nzima, na utabadilisha sili hiyo bure.