TAHADHARI: Muuza "pajama za pamba zisizo na dawa" anayezunguka kwenye makundi yetu

Habari zenu akina mama. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Kuna dada anauza nguo za kulalia za watoto kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa hapa Columbus, Ohio, Marekani, na mwenzangu wa Dayton anasema kwao ameshapita. Anaongea Kiswahili kitamu, kila mtu kwake ni "mpenzi", na anajua kutisha. Mimi amenila dola 52. Jina silitaji, kwanza sidhani kama ni lake. Mtamjua kwa tangazo.

Tangazo linaanza na picha ya ile kadi ndogo ya njano inayoning'inia kwenye pajama za dukani. Ameizungushia duara jekundu, chini ameandika kwamba hiyo ndiyo alama ya dawa ya kuzuia moto, kwamba watoto wetu wanalala ndani ya sumu ya saratani usiku kucha. Yeye sasa ndiye mkombozi: pamba asilia 100 kwa 100, pana, inapitisha hewa, haijaguswa na dawa yoyote, seti moja dola 11. Mwanangu wa miaka 4 ana ngozi ya kuwashwa, nimehangaika naye tangu mchanga. Niliagiza seti nne, pamoja na posta dola 8, nikatuma pesa kwa simu siku hiyohiyo. Wala sikumuuliza mume wangu, maana angeniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe.

Jamani, ile kadi ya njano maana yake ni kinyume kabisa cha anachosema. Ichukueni mkaisome. Inasema nguo hii haizuii moto, na kwa usalama wa mtoto ivaliwe ikiwa imembana, kwa sababu nguo iliyopwaya hushika moto kwa urahisi zaidi. Haizuii moto maana yake haikutiwa dawa ya kuzuia moto! Huyu mtu amechukua alama ya kitu tunachokitafuta akaifanya kinyago cha kututishia.

Sheria ya Marekani iko hivi. Nguo ya kulalia ya mtoto, kuanzia inayozidi saizi ya miezi 9 hadi saizi 14, lazima itimize moja kati ya mawili. Ama kitambaa kikiguswa na moto kwa sekunde 3 kizimike chenyewe, na kiwe hivyo hata baada ya kufuliwa mara 50. Ama nguo ishonwe kwa vipimo vya kubana mwili, maana nguo iliyoshikana na ngozi haina hewa nyingi ya kuulisha moto chini yake, wala haina pindo la kupepea karibu na jiko. Njia hii ya pili iliruhusiwa mwaka 1996, na ndiyo iliyorudisha pamba isiyo na dawa kwenye pajama za watoto. Sasa rudini kwenye tangazo: pamba tupu, pana, haina dawa, kwa mtoto wa miaka 4. Nguo ya namna hiyo hairuhusiwi kuuzwa hapa kama nguo ya kulalia ya mtoto. Anayeitangaza ama anavunja sheria, ama si pamba.

Haikuwa pamba.

Kifurushi kilifika baada ya wiki tatu. Nguo zinang'aa na zinateleza, lebo ya shingoni imekatwa kwa mkasi na kisiki chake kimebaki. Zilikuwa na harufu kali kama ya rangi mpya ya ukuta, lakini harufu peke yake si ushahidi wa dawa ya moto, kwa hiyo hiyo siisimamii. Ninachosimamia ni uzi. Nilichomoa uzi kwenye pindo, nikaushika kwa kibanio juu ya sinki, nikauwashia kiberiti. (Uzi tu, siyo nguo, na mtoto asiwe karibu.) Pamba huungua kama karatasi: inanuka karatasi, inaacha majivu laini ya kijivu. Huu wangu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu. Hiyo ni poliesta, mchana kweupe.

Na nisiwe mwongo kama yeye: poliesta yenyewe si lazima iwe na dawa. Nyingi hupita kile kipimo cha moto kwa asili yake, kwa sababu huyeyuka na kujitenga na moto. Kuna wazazi wanaichagua kwa sababu hiyo, ni sawa. Mimi nilitaka pamba, nikalipia pamba.

Nilipomwandikia, alinitumia picha ya cheti cha GOTS, kile cha pamba asilia. Vyeti hivyo vina orodha ya wazi mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Nikaitafuta. Kampuni iliyo kwenye cheti ipo kweli, ila ni ya nguo nyingine na jina lake halihusiani kabisa na "duka" la huyu dada. Nikamuuliza. Akaniita mchawi wa biashara za watu, akanifungia namba.

Hofu anayoitumia haikutoka hewani, ndiyo maana inauza. Miaka ya 1970 viwanda vya hapa vilitia kwenye pajama dawa yenye bromini iitwayo Tris. Januari 1977 wanasayansi Arlene Blum na Bruce Ames waliandika katika jarida la Science kwamba huenda inaleta saratani, na Aprili mwaka huohuo serikali ikaipiga marufuku kwenye nguo za watoto. Mzigo uliobaki ulianza kupelekwa nchi za nje, mpaka 1978 ndipo nako kukazuiwa. Mtu wa kwetu akisoma hayo maneno "nchi za nje" anaingiwa na hofu, maana anajua hata kwetu ni nchi za nje.

Sasa tunanunua wapi kwa bei yetu? Maduka makubwa ya kawaida yana pajama za pamba za kubana, na misimu ikibadilika hushushwa bei sana. Mitumba pia: kadi ya njano inakuwa imeshatupwa, lakini tafuta lebo iliyoshonwa shingoni yenye onyo lilelile kwamba ivaliwe ikiwa imebana na kwamba haizuii moto. Ukikuta ya pamba inayosema INAZUIA moto, na lebo inakuonya usifue kwa jiki au kwa sabuni ya mche, hiyo ndiyo iliyotiwa dawa. Pamba haijui kujizimisha yenyewe.

Na tuache ile tabia yetu ya "chukua kubwa, atakua ndani yake". Najua, mimi mwenyewe sare ya darasa la kwanza niliivaa mpaka la nne. Lakini pajama ya pamba ikipwaya, ule ulinzi wa kubana haupo tena. Zinaonekana ndogo ukizitandika kitandani, ila zinavutika.

Nguo halali ina lebo ya aina ya kitambaa, nchi ilikotengenezwa, na jina la kampuni au namba ya RN (namba ya usajili wa kampuni) ambayo unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi. Lebo iliyokatwa, usichukue hata kwa bure.

Mlioumizwa: hifadhini mazungumzo na picha za nguo kabla hajawafungia. Wizi wa pesa unaripotiwa ReportFraud.ftc.gov, nguo yenyewe SaferProducts.gov. Nimepeleka kote kuwili, na mwenzangu wa Dayton naye amepeleka. Benki wameniambia pesa niliyoituma kwa hiari yangu ni vigumu kurudi, lakini pigeni simu hivyohivyo ili iandikwe.

Jana usiku binamu yangu amenitumia tangazo kutoka kundi jingine. Jina jipya, namba mpya, duara jekundu lilelile kwenye kadi ya njano. Bei sasa ni dola 9.