TAHADHARI: Anayeuza mfumo wa oda kwa wenye depo Tanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Huu ujumbe ni kwa wenye depo za soda, maji, juisi, unga na mafuta hapa Tanga mjini, hasa Ngamiani, Makorora na Mabawa, pamoja na nyie wa Muheza na Pangani mnaochukua mzigo mjini. Kuna kijana anazunguka na laptopu akiuza mfumo wa kupokea oda. Mpole, anaamkia wazee vizuri, na risiti anayo ya kila kitu isipokuwa ya kwake.

Anachoahidi ndicho tunachokitafuta wote. Oda nyingine zinakuja WhatsApp, nyingine mtu anapiga simu, nyingine ziko kwenye kikaratasi alichokuja nacho mwenye guta, na jioni hesabu na stoo havikubaliani. Yeye anasema mfumo wake unasoma meseji ya mteja wenyewe, unaangalia stoo, unaweka bei ya mteja huyo na kutoa karatasi ya kupakilia. Mifumo ya hivyo ipo, na inafanya kazi. Wa kwake ni kiini macho.

Akikuonyesha, meseji zinatoka kwenye simu yake ya pili, zimenyooka kama imla ya darasa la nne: bidhaa, idadi, jina la duka. Mteja gani wa Tanga anaandika hivyo? Bosi wa depo yetu alimpa meseji halisi ya mangi mmoja: "Nishushie soda 5 changanya, maji madogo 10, kreti tupu ninazo 3, hela Ijumaa." Mfumo ukatoa oda ya soda chupa 5. Chupa! Kreti ina chupa 24. Ladha hamna, kreti tupu hamna, deni hamna. Akasema hayo yote yako kwenye toleo kamili, ukishalipa kianzio cha Sh 450,000.

Na kianzio ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni pale anapoomba simu ya oda ili "aiunganishe". Anafungua laptopu yake, unaelekeza simu kwenye ile picha ya miraba midogo, basi. Hapo hakuna mfumo wowote uliounganishwa, ni WhatsApp ya depo imefunguka kwenye laptopu yake. Anasoma oda zote na anaandika kwa jina lenu, hata simu ikiwa imezimwa. Kwetu alifanya hivyo, na wateja wetu wakaanza kupata meseji kutoka namba yetu wenyewe kwamba lipa namba imebadilika. Akishatuma, anaifuta upande wetu. Tulishtuka watu walipokuja kaunta na meseji za muamala mkononi wakidai mzigo wao, na mama mmoja wa Makorora alikuwa na shughuli kesho yake. Mlipe nani sasa?

Leo hii fungueni WhatsApp, ingieni sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kifaa msichokijua kitoeni. Wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, na zile tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji asipewe mtu, hata fundi. Wateja waambieni kwa kuwapigia, msiwaandikie, maana anaweza kuwa anasoma. Kabla ya kuweka namba ya siri waangalie jina linalotokea: la depo, au la mtu binafsi?

Muuzaji mwingine akija, ulizeni jina la kampuni mlitafute BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara, ulizeni TIN, na muombe kupelekwa kwenye depo inayotumia mfumo wake. Kwa miguu. Huyu alitupa namba ya simu ya "mteja wake wa Korogwe", na huyo mteja alikuwa anajua kusifia tu, ukimuuliza mfumo unaandikaje madeni ya kreti anakata simu.

Meseji za kitapeli zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Aliyekwisha kutuma hela apige kwa mtandao wake wa simu haraka, kabla hazijatolewa. Sisi tumeshafungua jalada polisi. Kama amepita kwako, nitumie inbox tarehe na namba ya muamala, majina ya wateja usitume, tuyaongeze kwenye jalada hilo hilo.