Wiki nane za yoga na taamuli Upanga: uzoefu wangu, na kipimo ambacho sikufundishwa

Mwezi wa Februari nilijiunga na kozi ya wiki nane ya yoga na taamuli, au meditesheni kama wengi wetu tunavyoiita, katika kituo kimoja cha Upanga, Dar es Salaam, ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa ninachotaka kukieleza si ugomvi wangu na watu wale bali jambo ambalo mteja yeyote wa huduma ya namna hii anastahili kulijua kabla hajatoa fedha yake. Ada ilikuwa shilingi 320,000 kwa vipindi viwili kila wiki, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 na nusu usiku, pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani kila asubuhi. Mimi ni mhasibu, ninafanya kazi Posta na ninaishi Kimara, nina umri wa miaka 43, na kilichonipeleka huko ni usingizi mbovu ulionianza wakati wa kufunga hesabu za mwaka, pamoja na mabega yaliyokuwa yamekaza kiasi cha kunizuia kugeuza shingo.

Nianze na mazuri, maana yapo na ni ya kweli. Ukumbi ni safi, mikeka hutolewa bila malipo ya ziada, na walimu husahihisha mkao wa mtu kwa upole na kwa kumwomba ruhusa kwanza. Nilijifunza kukaa na uti wa mgongo ulionyooka bila kukaza kidevu, jambo linaloonekana dogo lakini lililonitoa maumivu ya mabega ndani ya siku kumi. Wiki ya kwanza tulifundishwa taamuli ya mantra: unakaa, unafumba macho, unalirudia neno moja kimya kimya moyoni, na akili ikitoroka kwenda kwenye mikopo na ada za shule unairudisha taratibu pasipo kuigombeza. Dakika 15 tu. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba nililala hadi saa 11 alfajiri bila kushtuka usiku, na laiti kozi nzima ingebaki hapo, nisingekuwa na la kuandika zaidi ya shukrani.

Wiki ya pili tuliingizwa katika pranayama, yaani mazoezi ya kuitawala pumzi, na zoezi la kwanza kabisa lilikuwa bhastrika. Mwalimu aliifananisha na mivukuto ya mhunzi: unavuta na kusukuma hewa kwa nguvu na kwa haraka, tumbo likipanda na kushuka, pumzi 60 kwa duru moja, duru tatu, na kila duru inaishia kwa kuzuia pumzi huku umekaza misuli ya chini ya nyonga na kuyaelekeza mawazo yapande kutoka kitako hadi utosini. Katika mapokeo ya yoga inaelezwa kwamba chini ya uti wa mgongo imelala nguvu iitwayo kundalini, iliyojikunja kama nyoka, na kwamba mazoezi ya aina hii huiamsha. Sina nia ya kubishana na mapokeo hayo. Ninachojua ni kwamba fomu niliyojaza siku ya kujiandikisha iliuliza jina langu na namba ya simu niliyolipia, basi. Haikuuliza kama nina shinikizo la damu, kifafa, presha ya macho, ujauzito au historia ya ugonjwa wa akili, ilhali hizo ndizo hali ambazo mwalimu makini humzuia mtu asifanye bhastrika wala kuzuia pumzi kwa muda mrefu.

Katika duru ya pili midomo yangu ilianza kufa ganzi. Katika duru ya tatu vidole vya mikono yote miwili vilijikunja vyenyewe kuelekea viganjani, kama mtu aliyeshika mchi, na nilipojaribu kuvinyoosha juu ya magoti vilikataa. Mwalimu alipita karibu yangu, akaona, akaniambia kwa sauti ya chini, "Vizuri sana dada, nguvu inaamka." Baadaye daktari alinieleza jambo hilo kwa lugha nyepesi: mtu akipumua kwa kasi kuliko mahitaji ya mwili wake, hewa ya ukaa hupungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, na kalsiamu ambayo neva na misuli huitegemea hupungua katika damu, ndipo kizunguzungu, ganzi na vidole vilivyokakamaa vinapokuja. Mtu akirudi kwenye pumzi ya kawaida hali hiyo hupita baada ya dakika chache. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo mapema hupunguza kasi mara moja. Mimi niliyeambiwa kwamba ni nguvu inaamka niliongeza bidii.

Tena niliongeza kwa furaha, na hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Jioni ile nilitoka ukumbini mwepesi kama niliyeondolewa mzigo kichwani, nikatembea kwa miguu hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Fire nikiona taa za Barabara ya Morogoro kana kwamba zimeoshwa. Raha ile niliifanya kuwa kipimo changu. Nilijiambia kwamba ikiwa dakika 15 za taamuli na duru tatu za pumzi zimenipa hiki, basi 40 na duru sita zitanipa zaidi, na kwa siku tisa mfululizo nilifanya hivyo alfajiri na usiku. Wala mazoezi hayo hayakutoza gharama yake papo hapo, nikiwa nimekaa. Gharama ilikuja siku ya pili na ya tatu, kwingine kabisa, hata nikashindwa kuihusisha na mkeka.

Ilikuja kama joto mgongoni usiku, joto ambalo si la Dar es Salaam ya Machi, kwa sababu feni haikulipunguza. Ilikuja kama kuamka saa 8 usiku moyo ukidunda na kubaki macho hadi adhana ya alfajiri. Mwanangu wa miaka saba alimwaga uji mezani nikamfokea kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu, na wiki hiyo hiyo nililia ofisini mbele ya taarifa ya benki ambayo tofauti yake ilikuwa shilingi 4,000 tu. Nilimwandikia mwalimu nikimweleza yote hayo. Alinijibu kwamba ninasafishwa, nisiogope, niongeze mazoezi na nipunguze kula. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa dhidi ya huduma hii. Kosa la kunianzisha haraka ninaweza kulisamehe, kwa kuwa kila mwili una uwezo wake na mwalimu hauoni kwa macho. Lakini mtu anapokuambia kwamba hapati usingizi, moyo unamwenda mbio na anawafokea watoto, kumjibu kwamba aongeze dawa ile ile iliyomfikisha hapo ni hatari.

Katika kituo cha afya nilipimwa presha ikaonekana 148 kwa 96, nami sikuwahi kuvuka 130. Daktari alinizuia kuzuia pumzi, akaniagiza nirudi baada ya wiki mbili. Aliyenisaidia kuelewa mazoezi yenyewe, hata hivyo, alikuwa mama mmoja wa Kisutu, mzaliwa wa hapa hapa mjini, ambaye amekuwa akifanya taamuli kila siku kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye mfanyakazi mwenzangu alinipeleka kwake. Baada ya shikamoo na chai aliniuliza napima vipi kama zoezi limenifaa. Nilimweleza habari ya wepesi na taa za barabarani. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, usijipime ukiwa umekaa. Jipime kesho yake jioni, umechoka, watoto wanakuita na umeme umekatika. Ukiwa mtulivu hapo, zoezi limetosha. Ukiwa mkali, limezidi."

Alinieleza kwamba maandiko ya kale ya hatha yoga, yaani yoga ya mikao na pumzi, yenyewe yanatahadharisha: pumzi hufugwa polepole kama anavyofugwa simba, tembo au chui milia, la sivyo humwangamiza mfugaji. Alinisimulia pia habari za Gopi Krishna, mtumishi wa serikali wa India aliyekuwa akitaamali kila alfajiri kwa miaka mingi, ambaye Desemba 1937 alipatwa na msukumo mkubwa wa nguvu ya kundalini na baada yake akasumbuka muda mrefu kwa joto mwilini, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na hofu; miongoni mwa yaliyomsaidia ni kula vizuri na mara kwa mara. Baadaye nilisoma mwenyewe kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na watu wanaofanya taamuli ya Kibudha, na humo mlikuwa na habari za hofu, usingizi kuvurugika na hisia kupanda kupita kiasi. Nilijisikia nafuu kubwa kujua kwamba sikuwa dhaifu wala sikuwa nimerogwa.

Maagizo ya mama huyo yalikuwa mepesi. Pumzi za nguvu zote niziache. Taamuli nisiikate ghafla bali niipunguze hadi dakika tano, mara moja kwa siku, na nikimaliza nisiruke kukimbilia basi. Nilale chali dakika kumi kwanza, kwani kusimama haraka baada ya kutulia sana humwachia mtu ukali wa siku nzima. Nile ugali, maharage na samaki badala ya matunda matupu niliyoambiwa na mwalimu. Nitembee pekupeku mchangani kila nipatapo nafasi, nami nilichagua Coco Beach Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Siku ya nane nililala usiku mzima. Baada ya wiki tatu presha ilisoma 128 kwa 84, ingawa sitadai kwamba ni mchanga wala ugali uliofanya hivyo, kwani pia nilipunguza kahawa.

Sasa ninaongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kukaa nacho wiki mbili kabla ya kingine, na nina daftari ambamo kila jioni naandika mambo matatu: nimelala saa ngapi, nimemfokea nani, nimezidisha nini. Safu ya katikati ndiyo yenye ukweli. Mara mbili imenirudisha kutoka dakika 15 hadi kumi, nami nimerudi bila kuona haya. Mtu anayekaa siku kadhaa bila usingizi kabisa, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii au anayefikiria kujidhuru asitafute nafuu kwa mwalimu wa yoga wala kwa kupunguza dakika. Aende hospitali siku hiyo hiyo, akiongozana na ndugu.

Kituo hakikunirudishia fedha, ila meneja alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimwandikie yale maswali ya afya niliyoona yanakosekana kwenye fomu, na akanihamishia bila malipo katika darasa la Jumamosi linalofundishwa na mwalimu mwingine, dada mkimya anayeuliza kila mtu amelalaje kabla ya kufungua kipindi. Kwa mikao na taamuli ya mantra ninawapa alama za juu; kwa namna wanavyofundisha pumzi siwezi kuwapa zaidi ya nyota mbili kati ya tano mpaka nione fomu mpya. Unapokwenda kuulizia nafasi, muulize mwalimu atakuambia nini ukimweleza kwamba hulali. Akijibu "punguza", lipia. Mimi nimeshalipia msimu wa Juni. Nitakaa nyuma karibu na dirisha, na wenzangu wakianza mivukuto nitaendelea kupumua kawaida.