Paa la kusogeza la bwawa la kuogelea: kimo kipi ununue

Paa la kusogeza ni mfululizo wa vipande vya fremu ya alumini vilivyozibwa kwa polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga), ambavyo huteleza juu ya reli na kuingiana, kidogo chini ya kikubwa, hadi vyote vikakusanyika upande mmoja wa bwawa. Wauzaji hulinadi kwa picha za watu wanaoogelea mvua ikinyesha. Mimi ningemwomba mnunuzi amfikirie kwanza mtoto. Nchini Ufaransa, sheria ya Januari 3, 2003 inataka kila bwawa la binafsi lililochimbwa ardhini liwe na angalau kinga moja kati ya nne, yaani uzio, king'ora, kifuniko au paa, na paa lenyewe hupimwa kwa kigezo cha NF P90-309, ambacho shabaha yake ni kwamba likishafungwa, mtoto aliye chini ya miaka mitano asiweze kuyafikia maji. Anayejenga Karen jijini Nairobi au Njiro jijini Arusha habanwi na sheria hiyo, lakini ana kila sababu ya kumwuliza muuzaji kama paa lake linakidhi kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa paa fupi, lisilofikia kimo cha mtu. Upepo haulishiki sana, halizibi mandhari ya ua, na hewa iliyo chini yake ni kidogo, kwa hiyo hupata joto upesi. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba asilimia 70 ya joto linalopotea katika bwawa la nje huondoka kwa uvukizi, na uvukizi ndio ambao paa hili huuzuia vizuri. Kwa mkazi wa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai, hiyo ni tofauti kubwa.

La pili ni paa refu la kusimama na kutembea ukingoni, ambalo linamfaa anayeogelea kila siku, baridi isimzuie. Msingi wake lazima uwe imara zaidi, na huko Ufaransa kimo cha mita 1.80 au zaidi juu ya bwawa la mita za mraba 10 hadi 100 kinahitaji kibali kamili cha ujenzi. La wastani naliweka mwisho: linaongeza uzito na gharama, na bado mtu hulazimika kuinama ndani yake.

Kwa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar sishauri paa lolote kati ya haya. Wakati wa kaskazi maji yaliyofunikwa yatapata joto kupita kiasi, klorini itakwisha haraka na mwani utaota. Uzio wenye lango linalojifunga lenyewe utamlinda mtoto vizuri zaidi. Asiyekubali hilo ahakikishe angalau kwamba skrubu ni za chuma cha pua cha gredi 316 na zimetenganishwa na alumini kwa washa (pete bapa) za nailoni, kwa kuwa metali mbili zikigusana katika hewa ya chumvi, alumini ndiyo huliwa.

Katika kuchora, jambo linalosahaulika mara nyingi ni mahali pa kuegesha vipande vikishakusanywa: panahitajika eneo tambarare, refu kuliko kipande kimoja, upande usio na ngazi wala mashine za kuchuja maji. Polikaboneti nayo iachiwe nafasi ndani ya fremu, kwani karatasi ya mita 2 hutanuka karibu milimita 4 joto likipanda kwa nyuzi 30, na upande wenye kinga ya miale ya jua utazame nje. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya fedha, mtu mmoja, asiye fundi, alifungue na kulifunga paa lote peke yake mbele yako, kisha ajaribu kila komeo.